Kazi ya Kupogoa Miti Dar es Salaam na Shughuli Zake za Pembeni: Jibu kwa Kijana wa Tabata

Swali limetoka kwa kijana mmoja wa Tabata, nami nimelifupisha kidogo tu:

"Shikamoo mzee wangu. Nina miaka 27. Kwa miaka miwili sasa napunguza miti na wenzangu watatu. Tuna mapanga, misumeno ya mkono na kamba, chenso (msumeno wa injini) tunakodi. Wakati wa mvua simu hazikatiki, lakini Julai na Agosti naweza kukaa wiki mbili bila kazi. Matawi nayauza kuni, na siku hizi mengine nachomea mkaa kwa shemeji yangu Chanika. Mke wangu anataka niache, niingie kwenye kampuni ya ulinzi nipate mshahara wa mwisho wa mwezi. Je, kazi hii inaweza kumlea mtu hadi uzeeni? Shughuli gani ya pembeni inaendana nayo? Na kuna mtu ananiuzia chenso iliyotumika, nikope nikainunue?"

Marahaba, mwanangu. Nikupe kwanza majibu mafupi ili usisome kwa wasiwasi. Kazi ya kupogoa miti inaweza kukulea hadi uzeeni, ingawa uzee wenyewe hutaufanyia juu ya mti. Mkaa uuache. Chenso hiyo usiikopee kabla ya kuikagua kwa namna nitakayokueleza mwishoni. Najua la mkaa ndilo litakalokukera, kwa kuwa ndilo linalokuingizia fedha hivi sasa, na kwa hiyo ndilo nitakalokaa nalo zaidi.

Mimi nilisomea misitu katika chuo cha Olmotonyi, Arusha, nikaja Dar es Salaam nikidhani nitakaa ofisini, nikajikuta juu ya mwarobaini wa Upanga na msumeno mkononi. Niliipanda miti ya jiji hili kwa zaidi ya miaka 20 kabla goti halijanishusha, na sasa kazi yangu ni kuwakagulia watu miti yao na kuwaelekeza vijana kama wewe.

Siku ya mpogoaji unaijua, lakini niieleze kwa ajili ya mkeo, ambaye pengine atayasoma haya pamoja nawe. Mtu huondoka nyumbani saa 11 alfajiri ili awe kwenye mti mapema, kwa sababu asubuhi ndipo hewa inapokuwa imetulia. Ikikaribia saa 7 mchana upepo wa baharini umekwisha kuamka, na tawi ambalo asubuhi lingeshuka wima sasa linayumba kuelekea kwenye bati la jirani. Kabla ya kupanda anauzunguka mti mara mbili, akitafuta uyoga kwenye shina, nyufa kwenye panda, mizizi iliyokatwa na waliochimba msingi wa ukuta, waya za umeme na mzinga wa nyuki. Juu ya mwembe anawakuta majimoto, wale sisimizi wekundu wanaoshona majani yakawa viota, ambao hawaui mtu lakini wakiingia ndani ya shati wanaweza kumfanya aachie mahali ambapo hakupaswa kuachia. Ndiyo maana mzoefu hukikata kwanza kijiti chenye kiota na kukishusha taratibu kizima kizima. Juu ya mkungu anawakuta kunguru wenye shingo ya kijivu, uzao wa wale walioletwa Zanzibar kutoka India mwishoni mwa karne ya 19, ambao wakiwa na makinda humshambulia mtu kisogoni bila kumwogopa. Mara moja moja anamkuta nyoka wa kijani wa huku pwani, mwenye sumu kali, na hapo hakuna ujuzi mwingine zaidi ya kushuka polepole na kuuacha mti huo hadi kesho.

Saa 4 mama lishe anakuja na chapati na maharage. Baada ya hapo inaanza kazi ambayo mteja haihesabu: kukatakata, kufunga mizigo, kufagia, kupakia guta au kirikuu, na kuamua mzigo huo uende wapi. Juu ya mti ulikaa saa tatu, chini utakaa saa tano. Mteja hulipia kile alichokuona ukikifanya juu huku ameshika kiuno, na wapogoaji wengi hupata hasara kwa sababu walitaja bei wakiwa wametazama juu kama yeye.

Hapo chini ndipo swali lako la shughuli za pembeni linapozaliwa. Matawi ni mzigo wenye gharama: kuyafikisha dampo la Pugu Kinyamwezi ni petroli na muda, na wasiotaka gharama hiyo huyatupa usiku kwenye mifereji na kwenye bonde la Msimbazi, kisha masika yakija sote tunashangaa kwa nini maji yamepanda Jangwani. Mtu akikuambia kwamba mzigo huo unaweza kugeuka fedha, lazima usikilize, na kuni na mkaa ndiyo majibu ya kwanza yanayomjia kila mmoja wetu. Yalinijia na mimi.

Nilichojifunza ni kwamba shughuli ya pembeni huingia kwenye mkono wa mtu na kuuelekeza msumeno. Mwenye kuchoma mkaa akisimama chini ya mwembe, jicho lake huenda kwenye matawi manene, kwa kuwa vijiti vyembamba havitoi mkaa wa maana. Mteja akimwambia "kata kichwa chote, mzee, mti umekuwa mrefu mno," hana sababu ya kumkatalia. Kila kilo anayoikata ni yake. Lakini mti uliokatwa kichwa hukasirika, kama tunavyosema, ukatoa machipukizi mengi marefu ambayo hayakuota kutoka ndani ya mti bali yameshikilia juu juu kwenye gamba, na baada ya miaka mitatu au minne machipukizi hayo yamekuwa matawi mazito yanayong'oka kwa upepo wa kawaida. Mteja atakapokupigia simu tena, utakuta mti umeoza kuanzia ulipokata. Kama ni mtu mwelewa, hatakupigia wewe.

Niruhusu nieleze sababu yake, maana hili ndilo linalomtofautisha mpogoaji na mkata kuni. Mti haufanyi ngozi mpya mahali pa kidonda kama sisi. Mmarekani Alex Shigo, aliyepasua maelfu ya magogo kwa msumeno ili aone ndani kuna nini, alionyesha katika miaka ya 1970 kwamba mti ukijeruhiwa hujenga kuta ndani yake na kuufungia uozo upande mmoja, kisha hukua kwa kulizunguka jeraha. Kuta hizo ni imara zaidi mahali tawi linapoungana na shina, kwenye ule uvimbe unaofanana na kola ya shati. Ukikata nje kidogo ya uvimbe huo, umeuachia mti silaha yake. Ukikata katikati ya tawi ukaacha kisiki, au ukakata kwa kujibana na shina hadi ukaondoa uvimbe, umeinyang'anya. Na hiyo desturi ya kupaka rangi au oili chafu kwenye jeraha humfurahisha mwenye nyumba tu, mti haiusaidii.

Tawi zito hukatwa kwa mikato mitatu. Wa kwanza unatoka chini kwenda juu, sentimita 30 hivi kutoka kwenye shina, hadi theluthi ya unene wake. Wa pili unatoka juu, mbele kidogo ya ule wa kwanza, na hapo tawi linaanguka bila kuchuna gamba la shina. Wa tatu unaondoa kisiki kilichobaki, nje ya kola. Kama una shaka na uzito, fanya hesabu hii: kipande cha mwembe mbichi chenye unene wa sentimita 30 na urefu wa mita 3 kina kilo 170 hadi 200, yaani mifuko mitatu minne ya saruji inayoshuka kwa pamoja juu ya mwenzako aliyeshika kamba. Kwa wakati mmoja usiondoe zaidi ya robo ya majani ya mti ulio hai, hata mteja akikuongezea fedha.

Sasa utaona kwa nini nasema mkaa uuache. Kwanza, hauna faida unayoidhani. Tanuri la udongo linarudisha chini ya kilo 20 za mkaa kwa kila kilo 100 za kuni kavu, na matawi ya mjini si makavu. Umelipa kirikuu hadi Chanika kubeba maji ambayo yatageuka moshi. Pili, kuchoma na kusafirisha mkaa kunataka vibali chini ya Sheria ya Misitu Na. 14 ya 2002, na siku utakaposimamishwa barabarani na magunia mawili, maelezo kwamba ni matawi ya mwembe wa mteja wa Segerea hayatakusaidia kama huna karatasi. Tatu, soko lenyewe linasukumwa upande mwingine: Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 hadi 2034 umeweka lengo la asilimia 80 ya Watanzania kutumia nishati safi ifikapo 2034. Sikuambii kwamba mkaa utatoweka Tabata, lakini mwenye miaka 27 haanzishi leo shughuli ambayo serikali nzima inataka ipungue kabla hajafika 40. Sababu ya nne nimekwisha kuitaja, na kwangu ndiyo kubwa kuliko zote tatu: mkaa utakufanya uutamani mti ufe. Kuni za vijiti vilivyokauka endelea kuziuza, hazina ubaya.

Badala yake nakuelekeza kwenye kitalu, na si kitalu cha maua. Kitalu cha miembe ya kubebesha, yaani kijiti cha mwembe mmoja kinaunganishwa kwenye shina la mche mwingine vikue pamoja.

Fikiria unachokitupa. Unapopogoa mwembe wa mtu wa Mikocheni au Kinyerezi ambao unazaa dodo au bolibo za kusifiwa mtaa mzima, ncha za matawi unazozifagia jioni ndizo mbegu ya mwembe ule ule. Kokwa haina uhakika wa kurudisha tunda la mama yake. Kijiti cha mwembe kikibebeshwa, kinazaa embe la mti kilikotoka. Mwombe mwenye nyumba ruhusa, kwa adabu, na umwahidi mche mmoja, sijawahi kukataliwa. Chagua vijiti vya mwisho wa tawi vyenye unene wa penseli, vilivyokomaa, visivyo na ua wala dalili ya ua, na ambavyo jicho la juu limevimba lakini halijafunguka. Kata majani ukiacha vikonyo vifupi, vifunge kwenye gazeti lililolowekwa maji na kukamuliwa, uvitie ndani ya mfuko, na usiviache juani kwenye kirikuu. Siku mbili tatu vitakuwa bado vizima.

Shina la kubebeshea linatokana na kokwa za embe za kienyeji, ambazo msimu wa Desemba na Januari wauza juisi wa Buguruni watakushukuru ukiwaondolea. Zipande ndani ya wiki chache, kwa kuwa kokwa ya embe haihifadhiki kama mahindi. Pasua ganda gumu kwa kisu bila kukijeruhi kiini, kisha kilaze kiini kwenye kiriba, ule mfuko wa kuoteshea mche, upande wake wenye mgongo ukiwa juu. Kufika Agosti au Septemba, mche uliomwagiliwa vizuri umenenepa kama penseli, na huo ndio wakati simu zako zimenyamaza. Ukate kichwa kwa urefu wa sentimita 20 hivi kutoka ardhini, pasua shina katikati kwa kisu kikali kilichosafishwa, chonga kijiti chako kama kabari, kiingize ili gamba likutane na gamba angalau upande mmoja, funga kwa utepe wa plastiki, kisha uvike kifuko kirefu cha barafu, vile vya watoto, ili unyevu usitoroke. Weka chini ya kivuli cha makuti. Baada ya wiki tatu au nne utaona kichipukizi chekundu kinasukuma plastiki. Mara yangu ya kwanza nilibebesha miche 40 na ikashika 11, kwa sababu nilitumia kisu cha jikoni. Nilinunua kisu kingine.

Miche iliyoshika Septemba inaweza kuuzwa masika yanayofuata, wakati ambapo watu hununua: tarehe 1 Aprili ni Siku ya Taifa ya Upandaji Miti, shule na misikiti na makanisa huuliza miche, na kila halmashauri nchini ina agizo la kupanda miti milioni 1.5 kwa mwaka. Sikuhakikishii zabuni ya halmashauri. Mnunuzi wako wa kweli ni yule mteja uliyempogolea mwembe Februari baada ya mavuno, au uliyemkatia mkrismasi uliokuwa unapasua ukuta wake na sasa pako wazi. Kitalu na upogoaji vinaitana namna hiyo, wakati tanuri halijawahi kumletea mtu mteja.

Kuhusu mahali, usianzie kando ya barabara. Najua vitalu vya Barabara ya Bagamoyo vinavutia, lakini hifadhi ya barabara si yako na siku ya upanuzi utaondoka na viriba kichwani. Shemeji yako wa Chanika ana eneo. Viriba 300 vya sentimita 15 vinakaa kwenye mita 7 za mraba, hata tanuri lenu nadhani linakula zaidi ya hapo. Kinachohitajika ni maji ya uhakika na mtu wa kumwagilia jioni, na hapo utalazimika kukubaliana na shemeji mgawo, kwa maandishi, hata kama ni ndugu. Hasa kwa kuwa ni ndugu.

Shughuli nyingine nizipitie haraka. Gogo zuri usilipasue kuni: mafundi wa vinu na mbuzi za nazi wanalihitaji la mwembe, na la mtiki mafundi seremala wa Keko hulitazama kwa jicho jingine; paka ncha zake rangi siku hiyo hiyo ili lisipasuke, liweke kivulini, na usilitajie bei ya kuni. Majani na vijiti vilivyokatwakatwa vikirundikwa na samadi vinakuwa mboji ya kitalu chako mwenyewe, nawe unaokoa safari ya dampo. Nyuki ni biashara nzuri kwa aliye na shamba Kisarawe au Mkuranga, lakini mzinga wa nyuki wetu wakali katikati ya nyumba za Tabata ni ugomvi na mwenyekiti wa mtaa. Ukwezi wa minazi, ambao ni kazi ya heshima ya pwani yetu tangu zamani, ufanye kama unauweza, isipokuwa kwa minazi iliyokufa ikabaki nguzo bila kichwa; hiyo huoza kwa ndani na haitoi taarifa.

Nirudi kwenye Julai na Agosti, maana ukosefu wa kazi miezi hiyo kwa sehemu ni kosa letu wapogoaji. Tumewazoesha wateja kutuita mti ukishainama. Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipokaribia pwani, simu yangu iliita usiku kucha, na karibu kila aliyepiga alikuwa na mti ambao angeweza kuushughulikia kwa amani miezi kadhaa nyuma. Kipindi cha kiangazi, wakati wa kusi, ndicho kizuri kwa kuondoa matawi makavu na kupunguza uzito kabla ya vuli. Kwa hiyo nunua daftari, na kila mti uliowahi kuugusa uandike: mtaa, aina, ulichokiona, tarehe. Julai pita kwa wateja wako mmoja mmoja ukiwa umevaa vizuri, ukawaambie ni tawi lipi linakutia shaka na kwa nini. Wanne kati ya kumi wakikubali, wiki zako mbili za kukaa bure zimekwisha. Umkute mwenye nyumba mwenyewe, umkwepe dalali ukiweza.

Kuna mambo mawili ya usalama ambayo siwezi kukuachia bila kuyasema. La kwanza ni umeme. Mti mbichi unapitisha umeme, ukilowa unapitisha zaidi, na waya wa TANESCO usio na ganda hauhitaji kuguswa na mkono wako; unatosha kuguswa na tawi ulilolishika. Mti ulio karibu na waya unaombewa TANESCO wakate umeme kwanza, na kama mteja anasema hana muda wa kusubiri, muda huo huo utumie kurudi nyumbani. Miti iliyo kando ya barabara nayo si ya mwenye nyumba anayekulipa: anzia serikali ya mtaa, uelekezwe kwa ofisi ya misitu au mazingira ya manispaa, ndipo ushike msumeno. Mikoko usiiguse kabisa, hata mwenye kiwanja akikuonyesha hati.

La pili ni kamba. Mwaka mmoja nilikuwa natumwa na kampuni fulani ya usafi, ambayo sitaitaja, na kamba zao zilikaa nyuma ya gari pamoja na betri kuukuu. Asidi ilimwagika, kamba ikakauka, ikaonekana nzima. Nilipoiegemea juu ya mwarobaini ilikatika kama uzi wa chandarua, nikaangukia tawi la chini ambalo ndilo lililoniokoa, na goti ninalolitaja lilianzia hapo. Wahenga walisema kamba hukatikia pembamba. Hawakuijua asidi ya betri, ambayo huikata kamba nene. Kamba ya kupandia iwe yako peke yako, isifungie mzigo, isilale juani, na kila asubuhi uipitishe yote vidoleni ukitafuta mahali palipolainika, palipokakamaa au palipobadilika rangi. Ukipakuta, kamba hiyo ikatwe vipande siku hiyo hiyo, isije mwenzako akaitumia kesho.

Mkeo ana hoja, na usimjibu kwa kumwambia kwamba hajui kazi. Kampuni ya ulinzi inayofuata sheria itakuchangia NSSF na itakuwa inachangia Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ambao unamfidia mwajiriwa akiumia kazini. Wewe uliyejiajiri mfuko huo haukuhusu. NSSF unaweza kujiandikisha mwenyewe na kuchangia kwa hiari, na nakushauri ufanye hivyo kabla ya kununua chochote chenye injini. Kwa ajali, wewe na wenzako watatu mnapaswa kuwa na kibubu cha kikundi. Mimi huwafundisha vijana hivi: kazi ya shilingi 200,000 ikilipwa, toa kwanza kirikuu, petroli na kodi ya chenso; kilichobaki mgawanye mafungu matano, ingawa mko wanne. Fungu la tano ni la kamba mpya, helmeti, na hospitali. Halikopwi hata kama mtu ana harusi. Mwonyeshe mkeo daftari la fungu hilo kwa miezi sita, kisha mzungumze tena kuhusu ulinzi, na ikiwa halina kitu, basi yeye ndiye aliyesema kweli.

Kupanda utaacha ukikaribia miaka 45, labda mapema. Daftari la miti litakapofikia miaka 18 ya kumbukumbu, watu watakulipa uje utazame tu, na vijana ndio watakaopanda. Kitalu nacho kinamwagiliwa na mtu aliyekaa kwenye kigoda.

Sasa hiyo chenso. Kukopa si dhambi, ila pigia hesabu kwanza siku ngapi kwa mwezi mnakodi. Kama ni chini ya sita, endeleeni kukodi hadi masika. Pia ikumbuke kazi yake: chenso ni ya chini, au ya juu kwa mtu aliyefungwa kwa mkanda na kushika kwa mikono miwili, kamwe si ya mtu aliye kwenye ngazi, wala haiinuliwi juu ya bega, kwa sababu ncha ya juu ya ubapa wake, lile bamba linalozungukwa na mnyororo, ikigusa tawi hurudi usoni kwa mwendo ambao hakuna mkono unaouwahi. Ukienda kuikagua, bana breki ya mnyororo, uone kama inashika kweli. Tazama ubapa kama umepinda. Uliza ni mafuta gani wamekuwa wakitia. Injini nyingi za sasa zinataka mililita 100 za oili ya 2T kwa lita 5 za petroli, na akikujibu "tunakadiria tu" mshukuru uondoke. Kata nayo gogo: mnyororo wenye makali hutoa vipande, uliokufa makali hutoa unga, na huo unaponea kwa tupa ya duara, kwa hiyo usiuogope bali utumie kupunguza bei. Mwisho, iwashe wewe mwenyewe ikiwa baridi. Weka kiganja kwenye injini kabla hujavuta kamba, na ukiikuta ina joto wakati ndio kwanza umefika, muulize muuzaji alikuwa akiiwashia nini.